Mtakatifu Yosefu Allamano: Aliyengoja Bila Kinyongo

Yeyote aliyewahi kupanda hadi Ikonda, katika milima ya Makete, anaifahamu sura ya kungoja. Wagonjwa huifikia Hospitali ya Konsolata wakitoka Mbeya, Iringa, Njombe na mbali zaidi. Wamejifunika mashuka na makoti kwa sababu ya baridi, na mikononi wameshika karatasi za vipimo. Mama ameketi kando ya mwanawe, midomo ikisali Rozari kimya kimya. Hajui daktari atasema nini. Anajua tu kwamba amefika mahali penye jina la Bikira Maria Mfariji.

Nyuma ya jina hilo yupo padre mmoja wa Italia ambaye hakuwahi kuikanyaga ardhi ya Afrika hata siku moja: Mtakatifu Yosefu Allamano, mwanzilishi wa Wamisionari wa Konsolata na Masista Wamisionari wa Konsolata. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumezoea kumtaja kama mtu wa matendo makubwa, kwa kuwa matunda yake tunayaona kwa macho. Ila tukiyasoma maisha yake kwa utulivu, tunamkuta mtu aliyengoja sana. Katika kungoja kwake kuna fundisho ambalo wengi wetu tunalihitaji. Mara nyingi mtu anayengoja huumizwa na mambo mawili kwa pamoja, yaani kuchelewa kwa jambo lenyewe na watu anaodhani wamelichelewesha. Allamano alimtumaini Mungu kwa lile la kwanza, na kwa lile la pili alisamehe.

Mtoto wa mjane

Yosefu Allamano alizaliwa tarehe 21 Januari 1851 katika mji mdogo wa Castelnuovo d'Asti, kaskazini mwa Italia, akiwa mtoto wa nne kati ya watano. Ndipo alipotoka pia Mtakatifu Yohane Bosco. Hata miaka minne hakuwa ameitimiza baba yake alipofariki, na mama yake, Maria Anna Cafasso, akabaki mjane na malezi ya watoto. Mama huyo alikuwa dada yake Mtakatifu Yosefu Cafasso, padre wa Torino aliyewasindikiza wafungwa waliohukumiwa kifo hadi dakika yao ya mwisho. Hivyo Allamano alikuwa na mjomba mtakatifu, ingawa mjomba huyo alifariki mwaka 1860, kijana akiwa bado mdogo.

Mwaka 1862 alipelekwa Torino kusoma katika Oratorio ya Don Bosco, akakaa huko miaka minne. Don Bosco alimpenda na alitumaini kwamba kijana huyo angejiunga na Wasalesiani. Lakini Yosefu alisikia moyoni mwake wito wa kuwa padre wa jimbo. Mwaka 1866 akaondoka, na akaondoka bila kumuaga mlezi wake.

Inasimuliwa kwamba baadaye Don Bosco alimkumbusha jambo hilo kwa upole, naye Allamano akakiri kwamba hakuwa na ujasiri wa kumkabili. Don Bosco hakumwekea kinyongo, na mapendo kati yao yaliendelea. Tulitunze tukio hili dogo. Kabla ya kuwa mtu wa kusamehe wengine, Allamano alikuwa kijana aliyesamehewa. Alijua tangu mapema jinsi inavyokuwa mtu anapopokelewa tena na yule aliyemhuzunisha.

Katika seminari afya yake ilikuwa dhaifu. Alitamani kwenda misioni za mbali, lakini mwili haukuruhusu. Mama yake alipofushwa na maradhi, akapoteza pia uwezo wa kusikia, na akafariki mwaka 1869, miaka kadhaa kabla ya mwanawe kupewa Daraja Takatifu. Allamano alipadrishwa tarehe 20 Septemba 1873.

Kazi ambayo hakuichagua

Padre huyo kijana alitamani kuwa paroko, awe karibu na watu wa kawaida. Askofu wake akampangia kazi ya kuwalea waseminari. Kisha, Oktoba 1880, akiwa na umri wa miaka 29 tu, akateuliwa kuwa msimamizi wa Madhabahu ya Bikira Maria Mfariji, Consolata, mjini Torino. Jengo lilikuwa limechakaa. Allamano alimwita padre rafiki yake, Giacomo Camisassa, na wawili hao wakafanya kazi bega kwa bega kwa miaka 42.

Wakalikarabati kanisa, wakalipanua, wakaweka mapadre wa kuungamisha. Mwaka 1882 wakafungua tena nyumba ya malezi kwa mapadre vijana. Allamano aliketi kitubioni saa nyingi. Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu mpole wa maneno machache, aliyewafundisha watu kuyatenda mambo mema kwa namna njema, bila kelele.

Hata hivyo ile tamaa ya ujana haikuzimika. Afrika ilimkaa moyoni, hasa kwa mfano wa Kardinali Guglielmo Massaia, Mkapuchini aliyeitangaza Injili kwa miaka mingi miongoni mwa Waoromo wa Ethiopia. Allamano aliona kwamba ikiwa yeye mwenyewe hawezi kwenda, basi angeweza kuwaandaa wengine waende.

Miaka karibu 10 ya ukimya

Mwaka 1891 mpango ulikuwa tayari. Rasimu ya kanuni ilikuwa imeandikwa, na Roma haikuonesha kizuizi. Kilichokosekana ni baraka ya jimbo lake mwenyewe. Uongozi wa jimbo la Torino haukuona kwamba wakati umefika. Ilihofiwa kwamba jimbo lingepungukiwa na mapadre wake. Mpango ukasimama.

Tujiweke mahali pake. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alikuwa na jina jema, marafiki, na wafadhili waliozipenda misioni. Angeweza kuwapita wakubwa wake na kutafuta njia ya mkato. Angeweza pia kutii kwa mdomo huku akilalamika katika kila meza aliyokaribishwa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliweka karatasi zake pembeni, akarudi kitubioni. Aliamini kwamba ikiwa kazi ni ya Mungu, Mungu mwenyewe ataijalia saa yake, na kwamba baraka ya askofu wake ilikuwa sehemu ya mapenzi ya Mungu na haikupaswa kurukwa kama kikwazo.

Miaka ikapita. Mwaka 1897 Torino ikapata Askofu Mkuu mpya, Agostino Richelmy, aliyesoma pamoja na Allamano seminarini. Mlango ulianza kufunguka. Ndipo Januari 1900 Allamano akaugua vibaya sana mapafu, hata watu wakakata tamaa ya kumwona akipona. Kwa macho ya kibinadamu kungoja kote kulikuwa kunaishia kaburini. Kardinali Richelmy akaenda kumwona mgonjwa, akamtia moyo kwamba atapona na kwamba shirika la wamisionari ni kazi yake kulianzisha. Tarehe 29 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Sale, hali yake ikageuka na kuwa nafuu. Alilipokea jambo hilo kama neema iliyotoka kwa Mama Mfariji.

Mwaka mmoja baadaye, siku ileile ya tarehe 29 Januari 1901, Shirika la Wamisionari wa Konsolata likazaliwa. Tarehe 8 Mei 1902 wanne wa kwanza waliondoka Torino: mapadre Tommaso Gays na Filippo Perlo, pamoja na mabruda Celeste Lusso na Luigi Falda. Mwishoni mwa Juni walifika Tuthu, Murang'a, nchini Kenya, kwa Chifu Karuri. Tarehe 29 Januari 1910 Allamano akaanzisha pia shirika la masista, akitiwa moyo na Papa Pio wa Kumi.

Faraja yafika Iringa

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka mwaka 1914, mapigano yalienea hadi Afrika Mashariki. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, na kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Wamisionari wa Konsolata waliokuwa Kenya walitumwa kuwauguza. Mmoja wao alikuwa Mwenyeheri Sista Irene Stefani, aliyehudumu katika hospitali za wapagazi huko Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam.

Huku kwetu, nchi ya Uhehe ilikuwa imebeba majeraha mengi. Wazee walikumbuka vita vya Mkwawa na Wajerumani vilivyoisha kwa kifo chake mwaka 1898. Mwishoni mwa karne hiyo Wabenediktini kutoka Ujerumani walikuwa wameanzisha misioni ya Tosamaganga. Kisha, mwaka 1916, Waingereza wakaingia Iringa. Wamisionari Wajerumani wakaondolewa, na Wakristo wachanga wakabaki bila mapadre waliowazoea. Hao nao wakaanza kungoja.

Mwaka 1919 waliofika ni Wamisionari wa Konsolata, wana wa Allamano. Tuitazame kazi iliyowangoja. Walikuwa Waitaliano, ambao taifa lao lilikuwa limepigana na Ujerumani katika vita iliyokuwa imemalizika tu. Walipokea misioni iliyojengwa kwa jasho la Wajerumani, kati ya watu waliokuwa wamepigana na Wajerumani haohao. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu aliyebeba kisasi moyoni. Inahitaji mtu anayeweza kuheshimu alichopanda mwingine, na kukaa kwa amani na watu wenye kumbukumbu chungu.

Mwaka huohuo wa 1919, Mkataba wa Versailles uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi 6 tangu mkataba uanze kutumika. Miezi hiyo 6 iligeuka kuwa miaka mingi. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954. Watu wa Iringa hawahitaji kufundishwa na mgeni maana ya kungoja.

Tarehe 3 Machi 1922 Iringa ikafanywa Prefektura ya Kitume, ikiongozwa na Monsinyori Francesco Cagliero. Allamano, aliyekuwa sasa mzee wa miaka 71, alizipokea habari hizo Torino. Baadaye ikawa Vikarieti, na mwaka 1953 ikawa Jimbo. Upande wa Mbeya, Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walilea misioni ya Tukuyu iliyopewa usimamizi wake mwaka 1932, ambayo ndiyo iliyokua na kuwa Jimbo la Mbeya, na mwaka 2018 Jimbo Kuu. Leo Iringa na Mbeya ni ndugu katika kanda moja ya kikanisa, ingawa mbegu zilipandwa na mikono tofauti.

Jaribu la mwisho

Tungetarajia mzee huyo amalize siku zake katika sifa na utulivu. Haikuwa hivyo. Agosti 1922 alimpoteza Camisassa, mwenzake wa miaka 42. Kisha uongozi wa shirika ukaanza kumtoka mikononi taratibu. Msaidizi wake alikuwa Askofu Filippo Perlo, yule mmoja wa wanne wa kwanza, mtu mwenye nguvu nyingi aliyezijenga misioni za Kenya kwa bidii isiyo na mfano. Lakini namna yake ya kuongoza haikuwa ile ya mwanzilishi. Allamano alitaka kwanza utakatifu wa mmisionari na roho ya kifamilia, kazi zingefuata. Aliyaona mambo yakielekea kwingine, na mara nyingi maamuzi yalifanyika bila yeye.

Jaribu hili lilikuwa zito kuliko lile la mwaka 1891. Mtu akizuiwa na mkubwa wake, anaweza kujiambia kwamba anatii. Akisahaulika na wale aliowalea yeye mwenyewe, jeraha huingia ndani zaidi. Wazazi wengi wanalielewa jambo hili, na hata viongozi wa kwaya na wa jumuiya waliowahi kuanzisha kitu kwa mikono yao na kukiona kikichukuliwa.

Allamano hakuunda kambi. Hakuwageuza vijana dhidi ya wakubwa wao. Aliteseka, kwa kuwa kusamehe hakumaanishi kutosikia maumivu, na alipoombwa ushauri aliutoa. Yaliyobaki aliyapeleka mbele ya picha ya Mama Mfariji na kuyaacha hapo. Mwaka 1925 alijaliwa furaha kubwa, mjomba wake Yosefu Cafasso alipotangazwa Mwenyeheri. Tarehe 16 Februari 1926, akiwa na umri wa miaka 75, alifariki palepale Consolata alipohudumu kwa zaidi ya miaka 45.

Majibu yaliyokuja baada yake

Katika maisha haya kuna majibu ambayo Mungu hakuyatoa mpaka mngojaji alipokwisha kulala. Miaka michache baada ya kifo chake, Kiti Kitakatifu kilituma mkaguzi wa kitume katika shirika, uongozi ukabadilika, na wamisionari wakasaidiwa kuirudia roho ya mwanzilishi wao. Allamano hakuiona siku hiyo.

Tena, mwaka 1912 yeye na wakuu wengine wa mashirika ya kimisionari walimwomba Papa Pio wa Kumi iwekwe siku ya kila mwaka ya kuziombea misioni. Jibu halikuja wakati huo. Lilikuja mwaka 1926 kwa mkono wa Papa Pio wa Kumi na Moja, mwaka uleule Allamano aliofariki. Dominika hiyo ya Misioni ndiyo tunayoiadhimisha hadi leo kila Oktoba katika parokia zetu.

Tarehe 7 Oktoba 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri. Kisha, tarehe 7 Februari 1996, siku ya kwanza ya novena ya Allamano, katika msitu wa Roraima nchini Brazil, mtu wa kabila la Wayanomami aitwaye Sorino alishambuliwa na chui aina ya jagwa aliyempasua fuvu la kichwa. Masista na mapadre wa Konsolata walimkabidhi kwa maombezi ya mwanzilishi wao. Sorino akapona na kurudi kijijini kwake. Kanisa lilitambua muujiza huo, na tarehe 20 Oktoba 2024 Papa Fransisko akamtangaza Allamano kuwa Mtakatifu. Siku hiyo ilikuwa Dominika ya Misioni, ile aliyoiomba mwaka 1912 na hakuiona.

Ndugu mwamini

Yapo majira ya kungoja katika nyumba zetu. Wapo wanandoa wanaongoja mtoto, wazazi wanaongoja kijana aliyeondoka kwenda mjini na hapigi simu, ndugu wanaongoja shauri la shamba liishe, mgonjwa anayengoja jibu la vipimo. Katika kila kungoja kuna jina la mtu tunalolitaja kwa uchungu: yule aliyekataa kutia sahihi, yule aliyesema maneno, yule aliyetusahau. Uchungu huo ukikaa sana, hata baraka ikija tunaipokea na mikono iliyokunjwa ngumi.

Mtakatifu Allamano anatuonesha njia ambayo kila mmoja anaweza kuipita. Tufanye vizuri kazi iliyo mbele yetu leo, hata kama siyo ile tuliyoiomba. Tumtaje mbele ya Mungu yule anayetuchelewesha, tumwombee kwa jina lake, na tusimseme vibaya mezani mwetu. Ikiwa tumeshindwa, kitubio kiko wazi. Kumbukeni kwamba Allamano mwenyewe alianza kwa kusamehewa kosa la kuondoka bila kuaga. Kisha tukubali kwamba huenda jibu la sala zetu litavunwa na watoto wetu.

Yule mama wa Ikonda anaendelea kungoja. Benchi analokalia, dawa atakayopewa na mkono utakaomfunga mwanawe bandeji ni tunda la sala ya padre aliyeambiwa ngoja, akangoja bila kumchukia mtu. Padre huyo hakuiona Ikonda, lakini mama huyo anaiona.

Mtakatifu Yosefu Allamano, utuombee.

Tumsifu Yesu Kristo.